Namna ya Kumtoa Mjomba Pwani Kabla Bahari Haijamtoa

Kila ukoo wa pwani una Mjomba mmoja asiyehama. Mamlaka ya Hali ya Hewa itatangaza, mwenyekiti wa kijiji atapita na kipaza sauti, majirani watafunga mizigo, naye atakuwa ameketi barazani na kikombe chake cha kahawa akirudia maneno yale yale: "Mimi nimezaliwa hapa hapa." Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mpwa wake. Mahali pengine utachekesha, kwa sababu Mjomba mwenyewe anachekesha, lakini kila agizo lililomo ni la kufuatwa kama lilivyoandikwa. Mwaka ambao kimbunga kitafika kweli, watu wa namna yake ndio wanaokuja kutafutwa kwenye mikoko.

Kwanza, usimwendee siku ya tangazo. Siku hiyo ana ubishi tayari, na kuna watu wanamtazama. Mwendee Septemba au Oktoba, kabla ya msimu wa vimbunga, ambao katika bahari yetu huanza Novemba na kwisha Aprili, na mara nyingine husogea hadi Mei. Nenda na sukari na majani ya chai. Mwamkie, kaa chini, zungumza kwanza habari za samaki na bei ya korosho. Ukifika na karatasi mkononi kama karani wa sensa, mazungumzo yatakuwa yamekufa kabla chai haijachemka.

Pia usiende ukidhani hajasikia. Hapa ndipo tunapokosea sana, sisi tunaowapenda watu hawa na ofisi zinazowatumia ujumbe. Tunadhani mtu hakuondoka kwa sababu tangazo halikumfikia, basi tunaongeza sauti. Mjomba amesikia mara tatu: redioni, msikitini na kwa mjukuu wake mwenye simu. Ana sababu zake za kubaki, na nyingi si za kijinga. Kinachomkera ni kupewa amri pale alipostahili kupewa jibu. Kazi yako, mpwa, ni kuyaandaa majibu mapema na kumpelekea moja moja.

Sababu ya kwanza ni umri wake. Amezaliwa 1954, na tangu hapo bahari haijafika mlangoni. Usimbishie, anasema kweli. Vimbunga hufika kwetu kwa nadra kwa sababu tuko karibu na ikweta, na huko mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kutosha kuufanya upepo ujizungushe. Lakini Mtwara iko nyuzi 10 kusini, Mafia karibu nyuzi 8, na kinga hiyo hupungua kadiri unavyoteremka ramani. Mkumbushe kwa upole kwamba kimbunga kilipiga Lindi Aprili 1952, miaka miwili kabla yeye hajaja duniani. Kisha rudi nyuma zaidi, hadi Aprili 1872, wakati kimbunga kilipoingia Unguja, kikaangusha mikarafuu kwa maelfu na kuzamisha meli za Sultani Barghash bandarini. Pemba ilisalimika, na tangu hapo Pemba ndiyo ikawa kisiwa cha karafuu. Mjomba anapenda historia. Mwache aieleze mwenyewe kama anaijua, na atakapofika mahali pa kusema "lakini hiyo ni zamani", nyamaza kidogo. Bahari ile ile, mwezi ule ule wa Aprili, na maisha ya mtu mmoja ni kipimo kifupi cha jambo linalokuja mara moja katika vizazi viwili.

Asiporidhika, mwambie kisa cha Galveston, mji wa kisiwani katika jimbo la Texas, Marekani. Mwaka 1891 mkuu wa kituo cha hali ya hewa wa mji huo, Isaac Cline, aliandika gazetini kwamba haiwezekani kimbunga kuleta mawimbi ya kuudhuru mji ule. Huyu hakuwa mzushi. Alikuwa mtaalamu wa serikali, mtu wa vipimo. Tarehe 8 Septemba 1900 bahari ilipanda zaidi ya mita 4 juu ya mji ambao mahali pake pa juu kabisa hapakufika mita 3. Asubuhi ile watoto walikuwa ufukweni wakishangilia mawimbi. Waliokufa wanakadiriwa kuwa kati ya 6,000 na 12,000, na miongoni mwao alikuwamo mke wa Cline, mjamzito. Kinachoniuma zaidi katika kisa hiki ni kwamba wataalamu wa Kuba, waliokuwa na uzoefu mrefu wa vimbunga, walikuwa wameona kitaelekea upande wa Texas, lakini idara ya hali ya hewa ya Marekani ilikuwa imezuia simu zao za maandishi zisipite. Walijiona wanajua zaidi. Mwambie Mjomba kisa hiki bila kumnyooshea kidole. Atajiona mwenyewe humo.

Siku hizi, hata hivyo, Mjomba ana sababu mpya iliyo ngumu kuliko ya umri. Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kilitua Mafia. Boti za Dar es Salaam na Unguja zilikuwa zimesimamishwa, watu wamejifungia, kisha kimbunga kikafifia kilipogusa nchi kavu. Mjomba alibaki nyumbani kwake, bati mbili zikang'oka, asubuhi akapika uji. Tangu siku hiyo amekuwa mtaalamu. "Hidaya nilimkalia hapa hapa," anasema, na hakuna tangazo litakalomtisha tena.

Jibu la sababu hii liko Mississippi, huko huko Marekani. Mwaka 1969 kimbunga Camille kilipiga pwani ile kikiwa daraja la 5, la juu kuliko yote. Waliosalimika waliweka alama ya mahali maji yalipofikia, na nyumba ambayo Camille haikuigusa ikaitwa salama. Miaka 36 baadaye, Agosti 2005, kimbunga Katrina kilifika kikiwa daraja la 3. Watu wengi walitazama tarakimu, wakatazama ile alama ya zamani, wakakaa. Lakini Katrina ilikuwa pana mno, ilikuwa imeisukuma bahari kwa muda mrefu, na maji yake yalipanda zaidi ya mita 8, juu ya yale ya Camille. Nyumba zilizosimama mbele ya kimbunga kikali zilifutwa na kimbunga "kidogo". Kwa hiyo mwulize Mjomba: Hidaya ilikufundisha nini hasa? Ilikufundisha jinsi Hidaya ilivyokuwa. Kinachofuata kitakuwa na ukubwa wake, njia yake na saa yake ya kufika.

Hapo utakuwa umegusa jambo kubwa kuliko yote, nalo linahitaji jioni nzima na chai ya pili. Mjomba anaogopa upepo, kama anaogopa chochote. Anazungumzia mapaa, minazi, kamba za kufungia bati. Upepo ni wa kuogopwa kweli, maana ukiongezeka kasi mara mbili msukumo wake huongezeka mara nne. Lakini katika historia ya vimbunga muuaji mkubwa ni maji. Upepo ukivuma saa nyingi kuelekea nchi kavu hulundika bahari ufukweni. Mgandamizo wa hewa nao huwa umeshuka katikati ya kimbunga, na kila milibari moja inayopungua huinua bahari karibu sentimita moja. Haya si mawimbi ya kuja na kurudi. Ni bahari nzima iliyopanda ngazi, na mawimbi yamewekwa juu yake. Mita moja ya ujazo wa maji ya chumvi ina uzito unaozidi tani moja. Ukuta wa udongo hauna la kufanya mbele yake, na hata wa tofali hauna mengi.

Ndiyo maana daraja la kimbunga peke yake hudanganya: hupima upepo tu. Septemba 2008 kimbunga Ike kilipokuwa kinaikaribia Galveston, kilikuwa daraja la 2. Watabiri wa Houston walijua maji yatakuwa ya daraja jingine kabisa, wakaandika katika tangazo rasmi kwamba wasiotii agizo na kubaki katika nyumba za kawaida za ghorofa moja au mbili wanaweza kukabiliwa na kifo cha hakika. Sijui lugha iliyo wazi kuliko hiyo katika karatasi ya serikali. Wapo waliobaki hata hivyo, na rasi ya Bolivar, jirani na mji, ilisafishwa nyumba kwa mitaa mizima.

Sasa fanya jambo ambalo wenye vipaza sauti hawalifanyi: mfanye Mjomba awe mwalimu. Yeye anajua bamvua na maji mafu kuliko afisa yeyote. Anajua mwezi ukiwa mwandamo au mpevu bahari hujaa sana na kupwa sana, na kwamba pwani yetu tofauti ya kujaa na kupwa siku za bamvua inaweza kukaribia mita 4. Mpe kijiti, achore mchangani maji ya bamvua yanafika wapi kwake. Kisha mwombe aongeze juu ya mstari huo mita 2 za kimbunga, achore tena. Mwache atazame mstari wa pili ulipopita. Mwambie pia kwamba kimbunga Kenneth kilipotua kaskazini mwa Msumbiji tarehe 25 Aprili 2019, mwezi ulikuwa umebaki karibu nusu, yaani siku za maji mafu. Bahari haikuwa kwenye kilele chake, na bado kisiwa cha Ibo kilibaki na mapaa machache mno. Mvuvi akishaambiwa hivyo, hesabu ya bamvua ataifanya mwenyewe kimoyomoyo, na itamkaa kuliko hotuba yoyote.

Atakapokuwa kimya, sababu ya kweli itatoka. Itakuwa mbuzi. Au ngalawa, au mashine ya boti aliyonunua kwa mkopo, au mwani wa mkewe uliokuwa unaanikwa. Wengi huficha sababu hii nyuma ya ushujaa, kwa kuwa ni rahisi kusema "siogopi" kuliko kusema "nikiviacha hivi, sina kingine". Tafadhali usiwe mmoja wa wale wanaosema "mali hutafutwa". Mbuzi sita wa Mjomba ndio benki yake, ndio ada ya shule, ndio sanda yake mwenyewe siku ikifika.

Wabangladeshi walilielewa hili kwa gharama ya kutisha. Novemba 1970, nchi hiyo ikiwa bado Pakistani ya Mashariki, kimbunga cha Bhola kiliua watu wanaokadiriwa kuwa kati ya laki tatu na laki tano. Mwaka 1972 walianza mpango wao wa kujiandaa na vimbunga, serikali pamoja na Hilali Nyekundu, na leo una watu wa kujitolea zaidi ya 70,000 vijijini. Hawakuishia kujenga majengo ya kujihifadhi, ambayo siku za kawaida huwa madarasa. Walijenga pia vilima vya udongo vya kuweka ng'ombe na mbuzi, kwa sababu waliona mkulima habanduki mifugo yake ikibaki chini. Mwaka 2020 kimbunga Amphan kilipokuja, waliondoa watu zaidi ya milioni 2, na waliokufa Bangladesh hawakufika 50. Fuata njia hiyo. Mapema kabisa, kwenye angalizo la kwanza, chukua mbuzi. Wapeleke kwa ndugu upande wa Naliendele au popote ardhi inapopanda, wafunge, wape majani, kisha mpigie Mjomba simu umwambie wameshafika. Mbuzi wakishahama, mwenyewe atatafuta sababu ya kuwafuata, na wewe mpe hiyo sababu bila kucheka. Mashine ya boti ifunguliwe ipande juu pamoja naye. Ngalawa ivutwe mbali na ufukwe, ijazwe maji na ifungwe kwenye kitu kizito. Hati ya kiwanja, kitambulisho cha taifa, daftari la kikoba na dawa za presha viwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa tangu Oktoba.

Kuna jambo moja ambalo sitaki lichekeshe hata kidogo. Mwaka 1991 kimbunga kingine kiliua watu wapatao 138,000 Bangladesh, na wanawake walikufa kwa wingi kupita wanaume. Baadhi yao walikuwa nyumbani na watoto, wakimsubiri mume arudi ndipo waondoke, kwa kuwa kuondoka bila idhini ilikuwa aibu. Tusijifanye hatuijui aibu hiyo. Kwa hiyo, jioni ile ya chai, mbele ya mke wa Mjomba na mbele ya watoto, mwombe aseme kwa kinywa chake mwenyewe: tangazo likitoka nami nikiwa baharini au mjini, ondokeni, msinisubiri. Ayaseme wote wakisikia. Akishayasema, yule mama hahitaji tena ruhusa ya mtu, na ukweli ni kwamba mara nyingi yeye ndiye atakayemtoa Mjomba. Mpe nauli mkononi mwake.

Siku yenyewe haihitaji maneno mengi. Jifunze ngazi za Mamlaka ya Hali ya Hewa: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa. Kwenye angalizo mbuzi wanaondoka, kwenye tahadhari watoto na wazee, na ikifika tahadhari kubwa nyumba iwe tayari imefungwa. Ondokeni mchana, kungali na utulivu, kabla barabara haijajaa maji. Maji ya kasi yenye kina cha sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima, na sentimita 60 hubeba magari mengi. Wala hamhitaji kwenda mbali. Lengo ni kuyapisha maji: kilomita chache, mwinuko wa kutosha, jengo imara. Mwaka 2005, wiki chache baada ya Katrina, mamilioni walikimbia Houston kwa hofu ya kimbunga Rita, wengi wao wakiwa hawapo kabisa kwenye njia ya bahari. Walikwama barabarani kwenye joto, na basi la wazee wa nyumba ya kutunzia wagonjwa likawaka moto, likaua 23. Anayeishi kilimani kwenye nyumba nzuri abaki kwake, awapokee wengine.

Kama mko kwenye njia yake hasa, katikati ya kishindo upepo unaweza kukoma ghafla na mbingu ikafunguka. Hapo mzuie Mjomba mlangoni, hata kwa kumshika shati, maana atataka kwenda kuangalia ngalawa. Hilo ni jicho la kimbunga. Mwaka 1926 watu wa Miami walitoka nje kushangaa utulivu uliodumu kama nusu saa, wengine wakashika njia kurudi makwao, na upepo ukawakuta njiani ukitokea upande wa pili. Jiko la mkaa nalo lisiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa, wala jenereta, kwa sababu kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na imeua watu waliokwisha kupona kimbunga.

Baada ya yote hayo, jiandae kwa jambo linalowezekana kuliko yote: kimbunga hakitakuja. Aprili 2019 wakazi wa maeneo ya chini Mtwara waliambiwa wahamie juu, shule zikafungwa, na Kenneth kikapitia kusini ya mto Ruvuma, kama kilomita 200 kutoka mjini. Mtwara watu walirudi makwao wakilalamikia nauli. Katika jimbo la Cabo Delgado, huko kaskazini mwa Msumbiji, ambako Wamwani ni ndugu zetu wa lugha na wa ndoa, walikufa zaidi ya 40, na wiki 6 tu kabla ya hapo kimbunga Idai kilikuwa kimepiga Beira na kuua zaidi ya watu elfu moja Msumbiji, Zimbabwe na Malawi. Kimbunga kilichoitwa uongo huku ndicho kilichoezua Ibo. Watabiri waliona tishio moja kwa pwani nzima, na hakuna chombo ambacho siku mbili kabla kingeweza kuonyesha ni kijiji gani kitaachwa.

Mjomba atalalamika. Mwache alalamike wiki nzima, ana haki, maana alilala mkekani kwenye darasa la watu na mbu wakamla. Usimwambie "bora kinga". Msaidie kuwarudisha mbuzi, hakikisha wametimia sita, mrudishie mashine kwenye boti na uifunge mwenyewe. Msifu mbele ya wazee wenzake kwa kuwa aliwatoa watoto mapema, kwa sababu ni kweli aliwatoa. Muulize nini kilikwenda vibaya: ufunguo uliosahaulika, jirani mlemavu ambaye hakuna aliyempitia, kamba iliyokatika. Yaandike hayo, hasa la jirani, na mkubaliane nani atampitia. Na kijana wa bodaboda aliyewapandisha mlipe nauli yake yote bila kupunguza, ili siku nyingine ukimpigia saa tisa alasiri, mawingu yakiwa yameshaanza kugeuka, apokee simu.